Maneno Anayompelekea Zainab

Jumatatu, 10 Machi

Mukai, ukikuta nimeandika kwenye daftari lako usinune. Umeacha kurasa arobaini tupu ukasema ni la kutupa. Karatasi nzuri namna hii haitupwi katika nyumba yangu. Na ukishasoma hapo, soma na hapa: msichana aliyekataliwa kazi asubuhi hana haki ya kucheka jioni ndani ya nyumba ya jirani, halafu arudi kwa nyanya yake aseme "niko sawa" na kulala. Maneno mawili! Mimi niliyekulea tangu una miaka sita napewa maneno mawili, na Zainab anapewa kicheko.

Nilisoma hadi darasa la nne, kule Mwingi. Mwalimu alisema mkono wangu ni mzuri. Mkono bado upo.

Jumanne, 11 Machi

Vumbi. Mvua haijaja. Harufu ya machinjio imekaa juu ya mabati siku nzima.

Jumatano, 12 Machi

Wacha niiandike hii habari sawasawa, maana kichwani inazunguka tu.

Mukai ni mtoto wa Kitavi, mwanangu. Amesoma kompyuta miaka miwili na nusu na cheti anacho. Anatafuta kazi ya kuandika programu, yale maagizo yanayofanya simu itii. Hiyo itakuwa kazi yake ya kwanza. Ofisi iliyomwita iko Upper Hill, na nikisimama nje ya kibanda changu cha Kenyatta Market naliona lile jengo, la vioo vya kijani. Alienda kwa intaviu Alhamisi iliyopita. Walimpa swali, wakampa kalamu na ubao, wakakaa watatu kumtazama. Aliandika dakika arobaini. Jibu likapatikana. Jumatatu wakamwandikia kwamba kazi ilikuwa safi, ila alinyamaza tangu mwanzo hadi mwisho na hawakuweza kujua anavyofikiri. Wanaajiri tena mwezi wa tano, kama anataka ajaribu tena.

Nikamwambia hao ni watu wa bure. Nimesuka viondo, vikapu vya mkonge, miaka hamsini na hakuna mteja hata mmoja aliyewahi kuniuliza nilikuwa nafikiri nini.

Mtu akifanya kazi hufunga mdomo. Ndivyo mama yangu alivyonifundisha na ndivyo nilivyomfundisha Mukai. Kiondo ni hesabu: nyuzi za kitako zikikosewa moja tu, chote kinapinda kama mdomo wa mtu aliyepooza. Ukiongea, hesabu inapotea. Mukai akiwa mdogo nilikuwa namrushia kitawi cha mkonge kila akifungua mdomo akiwa anasuka. Hakulia. Alijifunza.

Ijumaa, 14 Machi

Ameenda tena kwa Zainab. Ni mwezi wao wa kufunga, na jua likizama tu Mukai yuko pale kwa futari, viazi vya nazi na uji wa pilipili manga, kama yeye ndiye aliyeshinda na njaa. Muthokoi wangu, mahindi ya kukoboa na maharagwe, umekaa kwenye sufuria hadi umepoa.

Huyu Zainab, mama Twahir, amekuja plot hii yetu ya vyumba vya kupanga mwaka juzi. Ni mtu wa pwani. Walikuwa na duka la vitambaa mjini yeye na mumewe, mume akafa, duka likafungwa, na Twahir yuko Qatar. Anashona kofia za mkono, zile za kutoboa matundu madogo madogo kwa sindano. Ukuta kati yetu ni mbao na mabati. Anashona huku anaongea. Mtu akiwepo anaongea, asipokuwepo anaongea. Kazi na maneno pamoja, na kofia zake zinatoka sawa. Hilo pia linaniudhi.

Jumatatu, 17 Machi

Philister, yule msusi wa nywele wa kibanda cha pili, ameniuliza mbele ya wateja wake: "Mama Kitavi, nasikia Mukai amepata nyanya mwingine mwenye uji mtamu?" Wanawake watatu wamecheka na vichwa vyao nusu vimesukwa. Nimemwambia ashike kichwa alicholipwa kushika.

Amewaona wapi? Basi watu wanajua.

Alhamisi, 20 Machi

Leo nimesikiliza ukutani. Sioni haya kuandika, ukuta ni wangu nusu.

Nilidhani anamweleza mambo ya nyumbani. Kwamba mimi ni mkali, kwamba babake hatumi kitu, kwamba hapa hakuna furaha. Nikaweka sikio. Sauti ya Mukai ilikuwa inatoka kama bomba lililofunguliwa. Sijawahi kumsikia akiongea hivyo, mtoto huyu ambaye kwangu lazima umvute neno kama jino. Na alikuwa anasema hivi:

"Nina orodha ndefu ya namba. Nataka kujua kama kuna mbili zinazofanana. Nachukua ya kwanza, naiweka kwa kumbukumbu. Nachukua ya pili, najiuliza, hii nimeshaiona?"

Kisha yule mama wa pwani, polepole: "Kisha?"

"Kama nimeiona, nimemaliza. Kama sijaiona, naiweka pamoja na ile nyingine, naendelea."

"Kisha?"

Walienda hivyo nusu saa. Hakuna siri yoyote ya nyumba yangu iliyosemwa. Namba tu. Nilitoka pale ukutani nimeumia kuliko kama wangekuwa wananisengenya. Kunisengenya ningejua la kufanya.

Jumapili, 23 Machi

Baada ya kanisa nimemuuliza. Nimemuuliza wazi, hali anakula, ili asipate pa kukimbilia: kwa nini unampelekea Zainab maneno yako yote?

Akasema ni mazoezi. Kwamba siku hizi kwenye intaviu za kazi hiyo mtu lazima afikirie kwa sauti, aseme kila hatua kabla hajaiandika, na akikwama aseme amekwama wapi. Kwamba unafanya mazoezi kwa kumweleza mtu asiyejua kitu cha kompyuta, kwa sababu ukimweleza huyo akafuata, basi umeelewa mwenyewe.

Nikamwambia, mimi pia sijui kitu cha kompyuta. Katika plot hii yote hakuna mtu asiyejua kompyuta kunishinda.

Akaweka kijiko chini, akaniita nyanya kwa lugha yetu. "Susu, wewe nikiongea nikifanya kazi unanikata. Tangu nikiwa class two. Pale kwa ubao, mbele ya wale watu, nilifungua mdomo nikahisi kile kitawi cha mkonge kinakuja."

Alisema taratibu, bila hasira. Nikamwambia amalize chakula.

Jumatatu, 24 Machi

Nimemwambia leo anieleze mimi. Nimeosha mikono, nimekaa kwenye kiti, nimeweka kiondo kando. Akaanza: "Susu, tuseme nina sentensi, nataka kuigeuza, herufi ya mwisho iwe ya kwanza." Nikamuuliza ni mtu gani mwenye akili anataka kusoma sentensi kinyumenyume. Akasema ni mfano tu. Nikamwambia atoe mfano wa maana. Akaanza upya, akasema "yaani" mara nne, nikamwambia aache yaani. Akasema "kwa hivyo naweka kidole kimoja mwanzo na kimoja mwisho," nikamwambia akae wima, hakuna mtu atakayempa kazi amejikunja kama paka wa baridi.

Akateremsha vidole. Nilimwona anajifunga, nilimwona kwa macho yangu, kama mtu anayeteremsha mlango wa duka.

"Sawa Susu," akasema. "Asante."

Jua lilipozama alienda kwa Zainab.

Jumatano, 26 Machi

Mawingu, hakuna mvua. Sikumsemesha.

Jumanne, 1 Aprili

Jana ilikuwa Idi yao. Zainab alituletea sahani imejaa, pilau, na kaimati juu yake, imefunikwa kitambaa alichodarizi mwenyewe. Alisema, "Mama Kitavi, karibuni sikukuu. Mukai amenisaidia kuchambua mchele, amenichekesha mno." Amenichekesha. Mno.

Tulikula. Pilau ilikuwa nzuri, siwezi kudanganya ndani ya daftari.

Leo nimerudisha sahani. Nimeiosha vizuri, nimeikausha, nimeirudisha tupu. Kila mwanamke wa plot anajua sahani ya jirani hairudi tupu, hata ukose kitu unaweka chumvi, unaweka vitunguu viwili. Nyanya nilikuwa nazo. Maharagwe nilikuwa nayo. Zainab aliipokea kwa mikono miwili, akaitazama, akasema ahsante. Ule uungwana wao. Ningefurahi kama angenitukana.

Alhamisi, 3 Aprili

Mukai amesema, "Nyanya Zainab anasema nikifika pale nianze kwa kuuliza swali, nisikimbilie jibu."

Nyanya Zainab.

Nimemuuliza ana nyanya wangapi. Akasema, "Susu, ni heshima tu." Kwa hiyo mimi ni Susu, na yule ni Nyanya, na heshima imegawanywa sawa kama mkate. Nani alitoa damu puani kule Mwingi akibeba mkonge ili huyu alipiwe shule? Nani alikaa naye siku tisa hospitali kuu alipougua mapafu, nikilala kwenye kiti? Zainab anajua hilo? Zainab anajua "kisha".

Jumamosi, 5 Aprili

Mvua imefika. Imepiga mabati tangu saa nane hadi huwezi kusikia mtu aliye mbele yako.

Nimefanya jambo leo. Nitaliandika lilivyo.

Mukai alikuwa ameenda mjini kuchapisha karatasi zake. Nilitoka nimejifunika gunia, nikamkuta Zainab mlangoni, kofia mkononi, anatazama maji. Nikamwambia hivi: "Mama Twahir, nimekuja kwa uzuri. Yule mtoto amechoka. Anakuja kwako kwa kuona haya tu, hajui atakukataaje. Anasema unamchelewesha. Mwache asome."

Nilisema kwa sauti kubwa kwa sababu ya mvua. Uongo uliopigiwa kelele namna hiyo ni vigumu kuurudisha.

Hakubisha. Alichoma sindano kwenye kofia ili isipotee, akanitazama, akasema, "Alhamdulillahi kwa kunambia. Nilikuwa sijui." Akashusha pazia.

Mukai aliporudi nikamwambia mama Twahir anajisikia mchovu baada ya kufunga, anataka kupumzika. Huo ni uongo wa pili.

Jumatatu, 7 Aprili

Mvua. Mukai amebisha kwa Zainab, akajibiwa nyuma ya pazia kwamba kuna kofia nyingi za kumalizia.

Jumanne, 8 Aprili

Mvua. Amekula nyumbani. Muthokoi wote umeisha.

Alhamisi, 10 Aprili

Mvua. Amekula nyumbani. Amekaa na mimi jioni yote. Hakusema kitu, na mimi pia sikumlazimisha.

Jumamosi, 12 Aprili

Mvua. Mukai anaongea na simu yake, anajirekodi, anajisikiliza, anafuta. Anajirekodi tena. Anaongea kama mtu anayesoma tangazo la mazishi. Nilimwambia aongeze sauti. Akazima.

Jumanne, 15 Aprili

Nilichotaka nimekipata. Yuko hapa kila jioni, kwenye kiti changu, mbele ya macho yangu. Na upande wa pili wa ukuta hakuna sauti. Sikujua nimeizoea. Yule mama ameacha kuongea hata peke yake.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Kitavi amepiga simu kutoka Mwingi, akauliza Mukai anaendeleaje na mambo ya kazi. Mukai akasema "poa" akanipa simu. Kitavi akaniuliza mimi. Nikasema poa. Tumekuwa watu wa neno moja wote.

Philister kanisani aliniambia nimekonda. Nikamwambia ni nguo.

Jumatatu, 28 Aprili

Wamemwita. Ofisi ileile, watu walewale, Ijumaa ya tarehe tisa mwezi ujao, saa nne asubuhi. Mukai amenisomea barua kwenye simu. Walikuwa wameandika pale chini, kwa uzuri, kwamba wangependa safari hii wamsikie. Hawatampa nafasi ya tatu, hilo hawakuliandika, lakini yeye amelisoma na mimi nimelisoma.

Ijumaa, 2 Mei

Leo ameniomba tujaribu. Yeye mwenyewe ameniomba. "Susu, ni wiki moja imebaki, nisikilize tu." Nikaahidi.

Akaweka karatasi ukutani badala ya ubao. Swali lilikuwa la mabano, yale ya kufungua na kufunga. Unapewa mstari mrefu wa mabano, useme kama kila lililofunguliwa limefungwa. Akasimama na kalamu. Mimi nilikuwa nimeuma mdomo kwa ndani, nilikuwa nimenyamaza kama kaburi, sikusema kitu. Na yeye hakusema kitu. Alinigeukia mara mbili. Sijui aliona nini usoni kwangu. Nadhani mimi hata nikinyamaza nagomba.

Akaandika jibu lote haraka haraka, bila neno, lote sahihi labda, akaibandua ile karatasi na kuikunja.

"Siendi," akasema. "Nitawaandikia. Nitakuja sokoni nikusaidie viondo."

Mungu anisamehe, nusu dakika nilifurahi. Nimeiandika hiyo nusu dakika hapa ili nisijifanye baadaye. Nilimwona amekaa kando yangu kibandani, mikono yetu minne kwenye mkonge mmoja, hakuna Zainab, hakuna Upper Hill. Kisha nikaona lile jengo la vioo vya kijani juu ya mabati ya soko, na yeye akiliona kila siku hadi awe na umri wangu. Na akijua siku moja, kama watu wanavyojuaga, ni nani alimfanya asiende.

Jumamosi, 3 Mei

Sikwenda sokoni. Nilipika muthokoi asubuhi, nikaweka nyanya, nikaweka siagi ambayo huwa siiweki. Nikajaza bakuli. Nikaenda mlango wa pili.

Zainab alifungua pazia lakini hakunikaribisha. Nilisimama kwenye ngazi, matone ya mabati yakinianguka mgongoni, nikasema. Sina maneno ya kuzunguka. Nilimwambia: "Mukai hakuwahi kusema amechoka nawe. Ni mimi niliyesema. Nilikuwa na wivu."

Neno lenyewe sikuwahi kulisema kwa mdomo wangu.

Zainab alishika pazia kwa mkono mmoja. Akasema, "Mama Kitavi, mimi sikutaka kukunyang'anya mwanao. Mimi nina wajukuu wanne Qatar, wananipungia mkono kwenye simu, hawanijui harufu. Nilitaka sauti ndani ya nyumba. Wiki nne hizi nimekuwa nikijiuliza, nilimchosha wapi yule mtoto? Nimerudia maneno yangu yote, moja moja, nikitafuta lililomuudhi."

Ningeweza kujibu kitu. Nilikuwa na jibu, mimi huwa nalo. Nilimnyooshea bakuli.

Akatazama bakuli. "Limejaa," akasema.

"Limejaa," nikasema.

Akalipokea. Akaniambia niingie nisiloe. Nikamuuliza kile nilichotaka kujua tangu mwezi wa tatu: unamfanyaje hadi anaongea? Akacheka kidogo, kicheko cha pua. Akasema haelewi hata moja ya yale mambo ya namba. Hakuwahi kuelewa. Anamsikiliza na mikono ikiwa kwenye kofia, hamtazami usoni, na mtoto akinyamaza anasema "kisha?" Basi. Hakuna kingine.

"Neno hilo tu?"

"Hilo tu. Na usimtazame, Mama Kitavi. Macho yako yanauliza maswali mengi."

Nilipotoka aliniita tena. Akasema Mukai lazima aambiwe na mimi mwenyewe, yeye hatamwambia.

Jumamosi, bado

Nimemwambia. Alikuwa anakunja nguo. Nilianza, nikamwambia lile la mvua na gunia, nikasimama. Nilingoja apige kelele. Hakupiga. Alikunja shati moja lote, mikono, kola, akaliweka juu ya mengine, hakunitazama.

"Kisha?" akasema.

Nikamwambia la pili, la kwamba Zainab amechoka.

"Kisha?"

Nikamwambia la sahani tupu. Nikamwambia la kusikiliza ukutani. Nikamwambia ile nusu dakika ya jana. Nikamwambia kwamba siku ile ya kwanza, tarehe kumi Machi, niliposikia kicheko chake nyumba ya pili, nilitaka kuubomoa ukuta. Kila niliposimama aliniuliza hivyo hivyo, mikono yake ikiwa kwenye nguo, hadi hapakubaki kitu. Sijawahi kuongea hivyo tangu nizaliwe.

Halafu akatoka, akaenda kwa Zainab, akakaa huko hadi mvua ikakatika. Aliporudi hakunisemesha na hakula. Sawa. Hiyo ni haki yake, sikumdai.

Jumatatu, 5 Mei

Leo jioni tumekaa watatu kwa Zainab. Mukai amebandika karatasi. Zainab ana kofia yake, mimi nina kiondo changu, tumeinamisha vichwa wote wawili kama watu kanisani. Mukai bado hanisemeshi sawasawa. Aliongea na ukuta.

Niliambiwa niseme neno moja tu, na zamu yangu ilipofika nilisema "kisha" kama askari anayeuliza kitambulisho. Zainab akanipiga kiwiko. Mukai alicheka. Alikuwa bado amenikasirikia, akacheka tu.

Jumanne, 6 Mei

Mabano. Nimeelewa. Lililofunguliwa mwisho ndilo linalofungwa kwanza, kama milango ya nyumba: huwezi kufunga wa nje kabla ya wa chumbani. Sikumwambia kwamba nimeelewa. Nilisema "kisha?" taratibu zaidi.

Nimepoteza hesabu ya nyuzi mara tatu. Mama yangu alisema kweli, huwezi kusikiliza na kuhesabu. Mzunguko wa kahawia una uzi mmoja zaidi na kiondo kimeanza kupinda. Ningekuwa na mtu wa kumrushia kitawi ningemrushia. Nimekiacha hivyohivyo.

Jumatano, 7 Mei

Mvua. Leo Mukai alimgeukia Zainab mara saba na mimi mara mbili. Nimehesabu. Hiyo hesabu sikuipoteza.

Alhamisi, 8 Mei

Alinigeukia mara nne. Nimempigia pasi blauzi.

Ijumaa, 9 Mei

Nilifungua kibanda na sikuuza wala sikusuka. Niliangalia vioo vya kijani tangu saa nne hadi saa sita. Philister alikuja na kiti akakaa kando yangu, akaangalia pamoja nami.

Mukai alishuka kwa miguu hadi sokoni, viatu mkononi kwa sababu ya matope. Alikaa kwenye gunia la mkonge, akaniambia bila kuulizwa. Maswali yalikuwa mawili. La kwanza alilisema lote. La pili hakuwa amewahi kuliona. Katikati alikwama, ubao mbele, watu watatu nyuma, ule ukimya wa zamani ukamrudia. Akasema akasikia mtu kichwani anamuuliza "kisha?" Basi akawaambia kwa sauti amekwama hapa, na sababu ni hii, na angejaribu njia hii kwanza. Alilimaliza nusu tu. Lakini walimsikia, wakawa wanamuuliza, akawajibu, wakabishana naye kama mtu mzima.

Nilimuuliza hiyo "kisha" ilikuwa sauti ya nani.

Alifikiri. Huyu mtoto hasemi uongo, hakuutoa kwangu. "Ya Nyanya Zainab," akasema.

Haikunifurahisha. Lakini niliuliza, na nilijibiwa.

Jumatano, 14 Mei

Hakuna habari.

Ijumaa, 16 Mei

Hakuna habari. Zainab ameleta sahani, mbaazi za nazi. Tumekula watatu.

Jumatatu, 19 Mei

Hakuna habari. Mvua inapungua. Kile kiondo kilichopinda Philister anakitaka, nimemwambia hakiuzwi.

Alhamisi, 22 Mei

Naandika nikiwa nimesimama, karatasi juu ya meza, Mukai yuko mbele yangu na bado hajavua viatu.

Nilikuwa mlangoni nasokota mkonge pajani. Nikamwona anaingia getini mbio, simu mkononi, tope hadi magotini. Mlango wa Zainab ndio wa kwanza ukiingia. Ulikuwa wazi, pazia limefungwa kando, taa inawaka. Mukai ameupita. Naandika tena: ameupita mlango wa Zainab, amekuja kwangu. Tangu Machi nimetaka kitu kimoja tu duniani, ndicho hicho, na nimekipata, na nimeona kwa jicho la pembeni Zainab akiinua kichwa kwenye kofia yake, akimwona anapita, akainama tena.

Mukai alikuwa ameshafungua mdomo. Uso wake uling'aa, ulikuwa umeshanieleza yote, lakini neno lilikuwa bado halijatoka. Nikamziba mdomo kwa mkono wangu, mkono wenye nyuzi za mkonge.

Usiniambie. Mukai, nimekuandikia hapa usome kwa sababu ukinisikia utabisha. Geuka. Sahani ya Zainab iko juu ya meza, nimeweka muthokoi, ichukue. Nenda ukamwambie yeye kwanza. Amekuona ukipita; mwambie hata mimi sijasikia neno bado. Ukimaliza uje, uvue hivyo viatu, ukae kwenye kile kiti, na unieleze yote tangu mwanzo, polepole, kama unayemweleza mtu asiyejua kitu.